Saa nne za kuiona Malta

Mwaka 1844 mwandishi Mwingereza William Makepeace Thackeray alipanda meli ya kampuni ya P&O bila kulipa nauli. Kampuni ilitaka azunguke Mediterania, ajionee, kisha aandike. Aliandika, na kitabu chake kikatoka mwaka 1846. Malta ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Naanza na habari hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba biashara ya kuwashusha watu visiwani ilikwenda pamoja na biashara ya kuwaambia watazame nini, na hayo yote yalianza kabla babu wa babu zetu hawajasikia neno utalii.

Miaka 23 baadaye, Juni 1867, meli iitwayo Quaker City iliondoka New York ikiwa na Wamarekani waliolipia matembezi ya miezi kadhaa. Mmoja wao alikuwa Mark Twain, aliyekuwa akituma barua zake magazetini. Walipofika Piraeus, bandari ya Athens, waliambiwa wabaki karantini, ruhusa ya kushuka hakuna. Twain na wenzake watatu walishuka usiku kwa siri, wakapanda hadi Akropoli, wakaitazama Parthenon kwa mwanga wa mwezi, wakarudi melini kabla ya kukucha. Kwangu mimi hiyo ndiyo ziara nzuri kuliko zote za karne ile, na hakuna kampuni iliyoiuza.

Biashara yenyewe kama tunavyoijua leo ilipata sura yake Januari 1891. Albert Ballin wa kampuni ya HAPAG ya Hamburg alikuwa na tatizo: wakati wa baridi Bahari ya Atlantiki huchafuka, abiria hupungua, na meli kubwa zinakaa bandarini zikila fedha. Basi akaichukua meli Augusta Victoria, akaipeleka Mediterania kwa miezi miwili ikiwa na wageni 241. Hawakuwa wakienda mahali fulani. Walikwenda ili warudi, na katikati walishuka kwenye bandari moja baada ya nyingine kutazama. Tangu siku hizo msafiri wa namna hiyo ana swali moja ambalo msafiri wa kawaida hana. Mtu anayekwenda Malta kukaa wiki mbili hahitaji kuchagua sana. Asipoona leo ataona kesho. Mtu wa meli ana asubuhi na mchana, na jioni honi inalia.

Swali hilo lilinifikia kwa simu. Dada yangu mkubwa anasafisha vyumba katika meli moja ya kitalii. Sisi ni watu wa Mbale, mashariki mwa Uganda, na nyumbani hatuongei Kiswahili, lakini chumba chake cha melini anakigawana na Mkenya wa Likoni, na siku hizi hata ujumbe anaoniandikia mimi unakuja kwa Kiswahili kizuri kuliko changu mimi ninayekisomea chuoni. Aliandika: “Mdogo wangu, Jumanne tunatia nanga Malta. Nikimaliza vyumba vya asubuhi nina saa nne. Wewe ndiye unayesoma historia. Niambie niende wapi.”

Abiria anayeuliza swali hilo hupewa kipeperushi chenye picha. Kila ziara ina bei yake, muda wake, na alama ya kuonyesha kama kuna ngazi nyingi. Kampuni humwahidi kwamba basi lake likichelewa, meli itamngoja; aliyetoka peke yake akichelewa ataiona meli yake kwa mgongo. Ahadi hiyo ndiyo inayouza tiketi kuliko kanisa au ngome yoyote. Mfanyakazi hana kipeperushi wala basi. Ana miguu, euro chache, na mdogo wake Kampala mwenye kadi ya maktaba. Nilichukua siku tatu kumjibu.

Kwanza niliondoa yale yasiyowezekana. Kuna mahali Malta panaitwa Ħal Saflieni, makaburi yaliyochongwa ndani ya mwamba chini ya ardhi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Yaligunduliwa mwaka 1902 mafundi walipokuwa wakijenga nyumba juu yake. Leo wanaingia watu 80 tu kwa siku, kwa makundi madogo, kwa sababu pumzi za wageni zinaharibu rangi nyekundu iliyomo ndani. Tiketi huisha wiki nyingi kabla. Hapo mtu wa meli asijisumbue. Dirisha la mwamba baharini katika kisiwa cha Gozo, ambalo lilikuwa kwenye kila tangazo, lilianguka baharini tarehe 8 Machi 2017 katika dhoruba, na ziara zilizokuwa zikienda kulipiga picha zikabaki na bahari tupu. Kuna pia kijiji cha mbao kilichojengwa kwa ajili ya filamu ya Popeye iliyotoka mwaka 1980, nacho bado watu wanakilipia. Sina neno nacho.

Mama yangu, aliyesikia habari hizi tukiwa mezani, alikuwa na jibu lake tayari: aende alikovunjikiwa meli Paulo. Kila aliyelelewa kanisani anaijua sura ya 27 na ya 28 ya Matendo ya Mitume. Watu 276 wanaokolewa kwa vipande vya mbao, wanawashiwa moto kwa sababu ya mvua na baridi, nyoka anatoka katika kuni na kumuuma mfungwa, na mfungwa hafi. Wanakaa miezi mitatu. Nilimwambia mama jambo ambalo mwalimu wetu alitueleza: katika Kigiriki cha asili, Luka anawaita wenyeji wale kwa neno ambalo Wagiriki walimwitia kila asiyesema lugha yao, lile lile lililozaa neno la Kiingereza la washenzi. Halafu katika mistari hiyo hiyo anasifu ukarimu wao. Mama alinyamaza kidogo, akasema hao ndio watu wa kuwatembelea. Ghuba yenyewe ya Mtakatifu Paulo, hata hivyo, iko kaskazini ya kisiwa, na kwa basi la kawaida dada angekula nusu ya muda wake barabarani.

Mdina nusura inishinde. Ni mji mdogo wenye kuta, juu ya kilima katikati ya kisiwa, ulikuwa makao makuu kabla ya Valletta kujengwa. Warumi waliuita Melite. Waarabu waliitwaa Malta mwaka 870, Wanormani wakaja mwaka 1091, na katika karne ya 13 Waislamu waliobaki wakafukuzwa. Lugha haikufukuzika. Jina Mdina ni madina, mji. Nilipokuwa nikisoma orodha ya maneno ya Kimalta niliicheka mwenyewe maktabani, hadi jirani yangu akaniuliza kuna nini. Kitabu ni ktieb. Bahari ni baħar. Saa ni siegħa, asali ni għasel, sukari ni zokkor, sabuni ni sapun, fedha ni fidda. Wanahesabu sitta, sebgħa, na wakifika tisa wanasema disgħa. Siku ya Alhamisi ni il-Ħamis, na Ijumaa ni il-Ġimgħa. Wakatoliki wa huko, nao ni wakatoliki hasa, wanamwita Mungu Alla katika misa, na mfungo wa Kwaresima wanauita Randan, yaani Ramadhani.

Hapa nchini kwetu Kiswahili kilisemwa miaka mingi kuwa ni lugha ya askari, na mwaka 2022 ndipo baraza la mawaziri lilipoamua kiwe lugha rasmi. Tumezoea kuambiwa kwamba kina maneno ya kuazima kutoka Kiarabu, kana kwamba kuazima ni aibu. Sasa kuna watu weupe wa Umoja wa Ulaya ambao lugha yao yote imezaliwa na Kiarabu, inaandikwa kwa herufi za Kilatini, na tangu mwaka 2004 ni lugha rasmi ya Umoja huo. Nilimtumia dada orodha ile. Alijibu kwamba yule Mkenya aliisoma kwa sauti chumbani wakacheka mpaka wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Lakini Mdina leo ni mji wa kimya wa kupigia picha, na makundi ya meli ndiyo yanayouvunja ukimya huo. Nilitaka dada asimame mahali ambapo kuna mtu wa kumtazama. Mtu huyo yupo Valletta, na cha ajabu ni kwamba karibu kila ziara ya kipeperushi inampita akiwa hatua chache tu.

Inabidi nieleze kidogo. Mwaka 1530 Mfalme Karoli wa Tano aliwapa Malta watawa wapiganaji wa Shirika la Mtakatifu Yohane, waliokuwa wamefukuzwa Rhodes na Waturuki wa Dola ya Osmani miaka michache kabla. Kodi yao ilikuwa mwewe mmoja wa kuwindia kwa mwaka. Mwaka 1565 Waosmani walikizingira kisiwa kuanzia Mei hadi Septemba wakashindwa, na tarehe 28 Machi 1566 Mkuu wa Shirika, Jean de Valette, aliweka jiwe la msingi la mji mpya uliochukua jina lake. Hayo yote yamo katika kipeperushi, yana ngome, mizinga na bendera, na mwongoza watalii huyasimulia vizuri. Ambacho hakimo ni hesabu ya makasia. Merikebu za Shirika zilikwenda kwa makasia, na makasia yale yalivutwa na wafungwa na watumwa waliotekwa baharini na pwani za Afrika Kaskazini na Mashariki ya Mediterania. Merikebu zikiwa bandarini, watumwa walipandishwa kujenga kuta zile zile ambazo leo zinapigwa picha kutoka sitaha ya meli. Wengi walikuwa Waturuki na Waarabu wa Maghreb. Walikuwamo pia Waafrika weusi waliovushwa jangwa la Sahara kutoka nchi kama Bornu.

Kanisa la Mtakatifu Yohane katikati ya Valletta lilijengwa kati ya mwaka 1572 na 1577. Nje ni kavu kama ghala. Ndani kila inchi ni dhahabu, na sakafu yake ni mawe ya makaburi ya wapiganaji wale, mamia kwa mamia, ya marumaru ya rangi. Wageni huingia kuiona picha ya Caravaggio ya mwaka 1608 ya kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji, ndiyo pekee ambayo mchoraji huyo aliitia sahihi, na aliitia katika damu inayotoka shingoni. Mwaka huo huo alifungwa katika Ngome ya Mtakatifu Angelo, akatoroka, akafukuzwa katika Shirika. Ni hadithi tamu na kundi zima husimama hapo.

Katika kanisa hilo hilo, kwenye kikanisa cha pembeni cha Aragon, kuna kaburi la Nicolas Cotoner, Mkuu wa Shirika aliyefariki mwaka 1680. Mchongaji wake ni Domenico Guidi wa Roma. Juu kuna sanamu ya kichwa na mabega ya Cotoner, silaha, na nyara za vita. Chini, wakiwa wameinama kwa mzigo wa yote hayo, kuna watumwa wawili wa marumaru. Mmoja anawakilisha Asia. Wa pili ni Mwafrika.

Sanamu hiyo haijafichwa. Mwongozaji akiwa na dakika ataitaja, na atasema, sawasawa kabisa, kwamba hao ni mfano wa mabara mawili ambayo Shirika lilijiona limeyashinda. Ninachobishania ni neno mfano. Cotoner aliishi katika mji ambamo watumwa wa kweli walipita mtaani kila siku. Baadhi yao walinyoa watu, wengine waliuza vitu vidogo vidogo, na usiku walifungiwa katika gereza kubwa la watumwa karibu na bandari, mwisho wa mtaa wa Mtakatifu Christopher. Waumini waliopiga magoti mbele ya kaburi lile hawakuhitaji kuelezwa mtumwa anafananaje. Kwa hiyo tukimwita mfano, tunakuwa tumemtoa mtaani na kumweka katika vitabu vya sanaa.

Na watumwa wale hawakuwa marumaru. Mwaka 1748 Wakristo waliokuwa watumwa katika merikebu ya Mustafa, Pasha wa Rhodes, waliasi, wakaiteka merikebu na kuileta Malta pamoja na Pasha mwenyewe. Mkuu wa Shirika wakati huo alikuwa Manuel Pinto. Pasha alitunzwa vizuri, kama mgeni zaidi kuliko mateka, na mwaka uliofuata watumwa wa Valletta walipanga njama pamoja naye. Tarehe 29 Juni 1749, sikukuu ya Petro na Paulo, kungekuwa na karamu katika ikulu. Watumwa ndio wapishi na watumishi. Chakula kingetiwa sumu, Pinto angeuawa chumbani, gereza lingefunguliwa, ngome zingetekwa. Njama ilivuja wiki chache kabla, wahusika walipogombana katika duka la kahawa na mwenye duka akaenda kutoa habari. Walioshikwa waliteswa, na wengi wakauawa hadharani. Pasha aliondolewa kisiwani salama kwa msaada wa Ufaransa. Watumwa hawakuwa na balozi.

Utumwa wenyewe ulifutwa Malta Juni 1798, Napoleon alipokiteka kisiwa akiwa njiani kwenda Misri. Alikaa siku chache tu na katika siku hizo akalifukuza Shirika na kuwafungua watumwa. Mwanafunzi mwenzangu ambaye hampendi Napoleon hata kidogo, kwa sababu ya Haiti, alisema hilo lilikuwa jambo la siasa ili awafurahishe watawala wa Kiislamu huko mbele. Huenda ni kweli. Aliyekuwa amefungwa pingu hakuuliza sababu.

Mwalimu aliyesoma rasimu yangu ya kwanza aliandika pembeni swali moja: na upande wa pili? Lilikuwa swali la haki. Mwaka 1551, miaka 14 kabla ya mazingirwa makuu, Waosmani na maharamia wao walishuka Gozo, kisiwa kidogo kinachofuata Malta, wakaiteka ngome yake na kuwachukua karibu watu 5,000, yaani karibu wakazi wote, kwenda utumwani. Wengi wao hawakurudi kamwe. Ziara ya Gozo huwapandisha wageni juu ya ngome hiyo kutazama mandhari. Mediterania ilikuwa bahari ambayo kila pwani iliogopa tanga la pwani ya pili, na mtu aliweza kuwa mvuvi asubuhi na bidhaa jioni, awe wa Gozo au wa Tripoli. Nimeliweka hilo katika insha kwa sababu ni kweli. Lakini sioni kwamba linamwinua yule aliye chini ya Cotoner. Watu wa Gozo wana ngome yenye habari zao, wana lugha yao, wana wajukuu wanaowasimulia. Wajukuu wa mtu wa Bornu aliyevuta kasia hawajengewi kibanda cha tiketi.

Kwetu mambo yamekwenda kinyume, na inafaa kulinganisha. Meli za namna hiyo hiyo hutia nanga Zanzibar, na abiria wake hupelekwa moja kwa moja Mkunazini, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa la Kianglikana likajengwa mahali pake. Nje ya kanisa kuna sanamu za watumwa shimoni na mnyororo shingoni. Pale mtumwa ndiye ziara yenyewe. Mtalii akiondoka Zanzibar bila kumwona ataona ameibiwa. Kule Valletta mtumwa yuko ndani ya ziara lakini si ziara. Mtu yule yule wa Ulaya, katika safari mbili, atafundishwa kwamba utumwa ni historia ya Afrika na ngome ni historia ya Ulaya. Sidhani kuna aliyekaa mezani akapanga iwe hivyo. Vipeperushi vinaandikwa kwa kunakili vya mwaka uliopita.

Sitaki pia kujifanya kwamba Malta ni nchi ya mabwana na sisi ni wa upande mwingine. Ilikuwa koloni la Waingereza kama Uganda ilivyokuwa himaya yao. Ilipata uhuru Septemba 1964, karibu miaka miwili baada yetu. Mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola ulifanyika Malta mwaka 2005 na uliofuata ukaja Kampala mwaka 2007, na mpaka leo mama hupima barabara za mji kwa kusema hii ni ya kabla au ya baada ya mkutano ule. Katika Vita vya Pili vya Dunia kisiwa kilipigwa mabomu hadi Mfalme George wa Sita akakipa nishani kisiwa kizima, Aprili 1942. Mabomu hayo ndiyo yaliyoliharibu pia lile gereza la watumwa, kiasi kwamba leo ukifika mwisho wa mtaa ule huoni chochote cha kukatia tiketi.

Basi jibu langu kwa dada lilikuwa hili, nalinakili kama nilivyomwandikia.

Ukishuka utakuwa kwenye gati la Pinto. Majengo mazuri ya rangi utakayoyaona, yenye mikahawa, ni maghala aliyojenga Pinto mwaka 1752. Ni Pinto yule yule waliyetaka kumuua. Miaka mitatu baadaye alikuwa akijenga. Usinywe kahawa hapo, ni ghali. Nenda kwenye lifti ya Barrakka, itakupandisha mita 58 hadi bustanini. Ukiwahi kabla ya saa sita mchana ngoja mzinga upigwe, ni bure na utakutoa usingizi wa zamu. Kisha kanisani. Mtazame Caravaggio, ndiyo, kwa sababu umelipa. Halafu nenda kikanisa cha Aragon, mtafute Cotoner, na utazame chini, si juu. Kaa hapo muda utakaotaka. Ukitoka, shuka mtaa wa Mtakatifu Christopher mpaka uone bahari. Hapo ndipo lilipokuwa gereza, na hutaona kitu, lakini fika. Ukibakiwa na zaidi ya saa moja panda boti ya kuvuka bandari kwenda Birgu, kwenye jumba la mahakama ya Kanisa iliyowahukumu watu kwa uzushi na uchawi. Kuta za seli zina michoro waliyoikwaruza wafungwa. Mwaka 1605 alihukumiwa mbele ya mahakama hiyo mtumwa mmoja kutoka Cairo, Sellem bin al-Sheikh Mansur, kwa kosa la kuwafanyia watu uganga, na wateja wake walikuwa Wakristo wa mjini. Maneno yake yaliandikwa na karani, na katika miaka ya karibuni wasomi wameyachapisha. Huyo ana jina.

Aliniambia ni refu mno, angesoma akiwa kwenye lifti.

Jumanne usiku ilikuja picha moja tu, imepigwa pembeni, na nusu yake ni bega la mtalii mwenye kofia. Birgu hakufika, alikaa kikanisani mpaka muda ukaisha, kisha alishuka ule mtaa mbio. Chini ya picha aliandika kwamba makundi matano yalipita akiwa amesimama pale, na alihesabu, na waongozaji wawili kati ya watano walionyesha kidole chini. Mmoja alikuwa mama mtu mzima wa Kimalta ambaye, alipomwona dada amevaa beji ya meli, alimwuliza anatoka wapi, akalishusha kundi lake kando ili dada apite mbele.

Halafu akaandika kwamba Ijumaa wanatia nanga Rhodes, ana saa tatu na nusu, na niwe mfupi safari hii. Nimeshaanza. Ngome ya watawa wale wale ipo, mtaa wao upo, na ni Rhodes alikokuwa akitawala yule Pasha kabla makasia hayajamgeukia.